Springi Alizofua Baba Mkwe

Mgongo wangu ulistaafu miaka sita kabla yangu, kwa hiyo siku ile mliponikusanyikia uani mwa karakana mkanikabidhi saa ya ukutani, mimi nilikuwa wa mwisho kuarifiwa. Nawashukuru kwa saa. Nimeitundika sebuleni. Inakimbia mbele dakika kumi kila siku, na kila nikiitazama mikono inaniwasha niifungue nione kuna nini ndani. Sijaifungua. Nimechoka kufungua vitu.

Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Vyeo nimevisahau, na mshahara haukuwa mrefu kiasi cha kujaza mstari, basi hayo tuyaache. Nitaandika habari za watu wawili walionifundisha chuma, na za kazi moja niliyoifanya nyumbani kwangu, ambayo ninyi mnaijua kwa juujuu na huisimulia kwa kunisifu. Mnasema Mzee Zakaria aliinua landrova ya zahanati uani kwake kwa magogo na jeki mbili. Ni kweli niliiinua. Someni mpaka mwisho ndipo mnisifu.

Nilianza kazi Singida mjini, miaka michache kabla ya Uhuru, nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Kanji. Mbele mke wake aliuza misumari, vibiriti na sufuria. Nyuma Kanji alitengeneza chochote chenye magurudumu. Siku ya kwanza nilikwenda na shati jeupe. Nilidhani kazi ya magari ni kupanda, kushuka na kupiga honi. Kanji alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, akanisogezea karai la mafuta taa lililojaa nati zenye kutu. "Osha," akasema. Niliosha nati kwa miezi mitatu. Shati lile liliishia kuwa tambara la kufutia mikono, na lilikuwa tambara zuri.

Kanji alikuwa na spana nyingi, lakini kitu alichokipenda ni tupa moja bapa yenye mpini wa mpingo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuisogeza. Mwaka wa pili alinishikisha kwa mara ya kwanza, akaniwekea mbele vipande vitatu vya chuma vilivyofanana kabisa kwa macho, akaniambia nipitishe tupa juu ya kila kimoja. Cha kwanza tupa ilikiuma kwa urahisi, ikatoa unga. Cha pili iliteleza juu yake bila kuacha alama. Cha tatu iliuma kidogo, kwa kunung'unika.

"Cha kwanza ni laini, kitapinda kisirudi," akasema Kanji. "Cha pili ni kigumu mno, kitakatika siku usiyoijua. Cha tatu ndicho cha springi. Ukitaka kujua chuma, Zakaria, usimuulize mtu. Mtu atakuonea haya. Iulize tupa."

Ni yeye pia aliyenionyesha jinsi ya kuipa springi uhai wake baada ya kupita motoni. Unaizimisha kwenye mafuta, si kwenye maji. Kisha unairudisha motoni polepole mpaka ipate rangi ya shingo ya njiwa, halafu unaiacha ipoe yenyewe. Maji yanafaa kwa ncha ya jembe au ya patasi, kwa sababu jembe halitakiwi kupinda. Springi kazi yake ni kupinda na kurudi, mchana kutwa, mwaka mzima, bila kuchoka. Mimi sikujaliwa hivyo.

Baada ya Uhuru niliajiriwa kwenye karakana hii, huku juu Iramba. Kanji alikaa mjini miaka kadhaa zaidi, halafu akafunga duka akawafuata wanawe ng'ambo. Hakuniaga. Lakini wiki ile dereva wa basi aliniletea sanduku la mbao lililofungwa kwa waya. Ndani yake kulikuwa na yubolti ndefu za lori, zile bolti zilizopinda za kufungia springi kwenye ekseli, makopo mawili ya bushi za mpira, na ile tupa imeviringishwa kwenye kipande cha kanga ya mke wake. Barua haikuwemo. Nilikaa chini nikalia kidogo, halafu nikarudi kazini kwa sababu kulikuwa na lori likingoja juu ya shimo la kutengenezea.

Mtu wa pili ni baba mkwe wangu, Mzee Gunda, mhunzi wa upande wa Nduguti. Nilimwoa binti yake Eliza mwaka wa tatu wa ajira. Majembe, mashoka na mikuki ya nchi ile yote ilipita mkononi mwake, na baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake aliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na kovu la moto lililopanda kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Nilimwogopa. Sioni aibu kulisema.

Vijana wa mjini miongoni mwenu huenda hamjui mambo ya wakwe yalivyokuwa kwetu, basi niwaeleze. Mkwe humtazami usoni. Mkwe humsahihishi, hata akisema leo ni Jumanne na ni Jumatano. Na kubwa kuliko yote, kitu ulichopewa na mkwe hakirudishwi. Kukirudisha, hata kiwe kibuyu kilichopasuka, ni sawa na kusema unamrudisha na binti yake. Nilimwona jirani yangu akila maharage yenye wadudu kwa wiki mbili kwa sababu yalitoka kwa mkwe. Tulimcheka, lakini hakuna aliyemwambia ayamwage.

Sasa nije kwenye landrova. Mnaifahamu njia ya kuteremka Sekenke kwenda Wembere. Juu ni mawe, katikati ni kona, chini ni mbuga ya udongo mweusi. Kiangazi udongo ule hupasuka mpaka unaingiza mguu. Mvua ikinyesha huwa ulimbo, na gari halizami kwa magurudumu tu, linakaa kwa tumbo. Difu, lile bonge la katikati ya ekseli, inalala kwenye tope, magurudumu yanazunguka hewani, na dereva anaanza kutafuta ng'ombe wa kumvuta. Kule chini kulikuwa na zahanati mpya ya vijiji vya ujamaa, yenye landrova moja kuukuu na nesi mmoja, Rahabu. Mwaka uliotangulia kina mama wawili walifia mbugani wakiwa njiani kupandishwa hospitalini, gari limekwama.

Rahabu alikuja karakana mwezi wa tisa pamoja na dereva wake Amosi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mpole, na alipokasirika alizidi kuwa mpole.

"Shikamoo, fundi," akasema. "Nimekuja kuomba gari langu lirefushwe miguu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Linakaa kwa tumbo," akasema. "Amosi anasema likiinuliwa vidole vitatu, litapita. Nina mama saba watakaojifungua kati ya sasa na mwisho wa mvua. Nimewaambia gari litapita. Sasa nakuomba usinifanye mwongo."

Niliingia chini ya gari nikatazama. Amosi alisema kweli. Springi zote nne zilikuwa zimelala kwa uzee. Kwa wale ambao bado mnaosha nati: springi ya landrova ni mabapa ya chuma yaliyolaliana, refu juu na mafupi chini, yaliyokunjwa upinde. Lile refu la juu, lenye jicho kila mwisho, tuliliita bapa mama, kwa sababu ndilo linaloishika ekseli mahali pake. Mabapa mengine yakikatika unafika nyumbani kwa kuyumba. Bapa mama likikatika, ekseli inakwenda itakako. Upinde ukirudishwa na bapa moja likiongezwa, gari hupanda vidole vitatu, hata vinne. Springi mpya zilikuwa zimeagizwa, na kwa maelezo niliyopewa zilikuwa zinasubiri meli. Zilisubiri meli kwa miaka minne niliyokuwa nikiuliza.

Karakana haikuwa na nafasi. Mwaka ule malori yote ya wilaya yalikuwa yanahamisha watu na mabati yao kwenda vijiji vipya, na mashimo yote mawili yalikuwa na malori, na nje kulikuwa na mengine yanangoja. Nikamwambia Rahabu alete gari nyumbani kwangu. Karakana ilikuwa na tanuri la kufulia, lakini mivukuto yake ya kupulizia moto ilikuwa imekufa. Mhunzi niliyemjua alikuwa mmoja.

Amosi aliiegesha uani kwangu siku ya Jumanne. Tulizuia magurudumu kwa mawe, tukainua fremu kwa jeki, si ekseli, tukaikalisha juu ya magogo manne ya mninga niliyoyakata sawa kwa msumeno. Yubolti za zamani zilikuwa na kutu ya miaka kumi. Tulizilowesha kwa mafuta taa tangu asubuhi, tukazigonga kila saa, na moja tu ndiyo iliyolazimika kukatwa. Jeki ya pili tuliiweka chini ya ekseli ili isining'inie kwenye mpira wa breki. Kosa la kuiacha ining'inie nimeliona kwenu mara tatu mwaka jana, na mara tatu mmenunua mpira mpya. Springi zikatoka. Nikazifunga kwa kamba, pamoja na bapa nene la lori bovu, nikapanda nazo lori la pamba kwenda Nduguti.

Nilichukua pia debe la oili chafu. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Nilijua Mzee Gunda huzimisha chuma chake kwenye maji. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, kwa majembe. Nilijua kwamba springi haitaki maji. Lakini mimi, mtoto niliyeoa kwake, nimwambie mhunzi, mwana na mjukuu wa wahunzi, jinsi ya kuzimisha chuma? Njia nzima nilitafuta namna ya kulisema na sikuipata. Nikaamua debe liseme kwa niaba yangu.

Nilimkuta kwenye kibanda chake, wazee wanne wamekaa kando wakinusa ugoro.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba. Nimekuja na kazi. Gari la kina mama wa bondeni." Nikaeleza upinde ninaoutaka, nikamchorea kwa kijiti ardhini. Halafu nikalisogeza debe karibu kabisa na jiko lake, karibu kuliko mtungi wa maji. "Na mafuta haya nimekuletea, baba. Huenda yakafaa kazini."

Alichungulia ndani, akachovya kidole, akanusa. Uso wake ukafurahi kweli. "Yatafaa sana," akasema. "Ngozi za mivukuto zilikuwa zimeanza kukauka."

Akachukua tambara akaanza kuzipaka, kwa upole, kila mkunjo, mpaka debe likabaki nusu. Wazee wakasifu. Mmoja akasema hakika Gunda amepata mkwe anayefikiria. Mimi nikatazama chini.

Alifanya kazi siku mbili, na sijaona tena mikono kama ile. Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya mchoro wangu mavumbini, lakini alipoweka mabapa mama manne kando kwa kando ungesema yametoka kwenye tumbo moja. Bapa la lori alilikata vipande vinne, akavikunja vilaliane na mabapa mengine bila hata upenyo wa ukucha. Na kila bapa lilipofika upinde wake, jekundu, alilichukua kwa koleo akalitumbukiza majini. Lilipiga kelele, mvuke ukajaa kibanda, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Lile debe lilikuwa hatua moja kutoka kwenye goti lake. Nilisimama pale nikahesabu matumbukizo, na kila moja niliapa kwamba linalofuata nitasema.

Mwisho aliniuliza, kwa sauti ile ya chini, "Je, ziko sawa, mwanangu?"

"Ziko sawa, baba," nikasema.

Hakutaka malipo. Alisema ni zawadi kwa gari la kina mama, na kwa binti yake aliyeolewa na fundi. Basi zikawa ni kitu cha mkwe.

Nyumbani, kabla ya kuzifunga, nilitoa tupa ya Kanji. Nilichukua bapa mama moja nikaipitisha. Iliteleza. Nilibonyeza zaidi, nikapitisha tena. Iliteleza tena, bila alama. Mabapa mama mengine matatu sikuyapima. Nilijua nikiyapima yote nitalazimika kurudi Nduguti, na nisipoyapima huenda hilo moja ndilo lililokosea. Mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye watoto watatu, nilifikiri hivyo.

Jambo dogo kabisa lingetosha. Ningewasha moto wa kuni uani kwangu nikayapasha joto polepole, nikayatazama rangi, nikayaacha yapoe. Lakini kijiji kingeona moto, na Amosi alikuwa anazungumza sana, na habari ya kwamba Zakaria amefua upya kazi ya mkwe wake ingefika Nduguti kabla ya springi kupoa. Niliirudisha tupa kwenye kitambaa chake.

Jumapili baada ya kanisa tulizifunga. Yubolti za Kanji zilikuwa na urefu ule ule uliotakiwa. Shokapu zilikuwa fupi, nikazitengenezea vikono vya kuzirefusha. Vishikizo vya mipira ya breki nilivishusha ili mipira isivutike, na nilizungusha propela shafti kwa mkono mara nyingi kusikiliza kama inabana. Bolti za macho ya springi sikuzikaza mpaka gari liliposhuka chini na uzito wake wote. Mkizikaza gari likiwa hewani, bushi zitajisokota na kufa mapema. Kila kitu kilichokuwa kazi yangu nilikifanya vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Landrova iliposhuka kwenye magogo ilisimama juu, vidole vitatu na nusu. Rahabu aliizunguka mara mbili. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Eliza aliyekuwa mlangoni alisema, "Baba angeiona hii." Nikaingia chini ya gari nikajifanya natafuta spana.

Mvua zilianza, na gari lilipita. Lilipita pale malori yalipokwama. Kina mama wanne walipandishwa Sekenke salama wakajifungua hospitalini, na watoto wawili waliitwa Amosi. Kila wiki mbili gari lilipokuja kukazwa yubolti, mimi ndiye niliyelala chini yake, sikumwachia mtu. Niligonga kila bapa mama kwa nyundo ndogo nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikaanza kuamini kwamba tupa ndiyo iliyozeeka.

Mwezi wa pili, siku ya Alhamisi, Amosi aliingia karakana kwa miguu, tope limemkaukia mpaka kifuani. Alikaa juu ya tairi. Nilimletea maji akayashika bila kuyanywa.

"Mbele kushoto," akasema. "Nilishuka kwenye shimo dogo tu, fundi, shimo la kwato za ng'ombe. Likalia pah. Ekseli ikarudi nyuma, gurudumu likabana kwenye bodi. Gari halikwenda mbele wala nyuma."

"Alikuwemo nani?"

"Salome. Mke wa yule mwenye mashine ya kusaga. Nesi alihangaika naye mle mle ndani tangu saa tano asubuhi. Nilikimbia kuita watu waje na kitanda cha kumbebea. Tulipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa." Alitazama maji. "Hakulia, fundi. Nesi alimpulizia, alimpulizia. Hakulia."

Salome walimbeba kitandani mpaka kwenye barabara ya mawe, akafika hospitali, akaishi. Rahabu hakuja karakana tena. Sijui alijua nini. Aliomba uhamisho kabla ya mavuno.

Nilishuka na lori kulivuta gari. Bapa mama lilikuwa limekatika karibu na jicho, na pale lilipokatika palimetameta kwa chembechembe kama chumvi ya mawe. Chuma chenye afya hakikatiki hivyo. Niliweka vipande viwili kwenye gunia. Karakana nzima ilisema ni barabara, na taarifa ikaandikwa kwamba springi ilivunjika kutokana na hali mbaya ya barabara. Mwandiko ule ni wangu, uko kwenye faili mpaka leo.

Siku ya nne, habari zikiwa zimefika Nduguti, Mzee Gunda alikuja nyumbani kwangu. Mkwe hafiki kwako bila kuitwa, na yeye hakuwahi kufika tangu nimwoe Eliza. Alikataa kiti. Alikaa kwenye gogo moja la yale ya mninga, akaomba alione bapa. Nilimletea gunia. Alitazama palipokatika kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba chake chenye kovu.

"Una kifaa cha kupimia chuma?" akauliza.

Nikamletea tupa. Sikuwa nimewahi kumwambia habari zake. Aliipitisha mara moja, ikateleza, akaiweka chini.

"Ulipima lini?"

Ningeweza kudanganya. Nilichoka ghafla, uchovu ambao nadhani haujaniacha. "Kabla ya kuifunga, baba."

"Na yale mafuta," akasema polepole, "yalikuwa ya nini?"

"Ya kuzimishia chuma, baba."

Eliza alikuwa ametoka na maji ya kunawa akasimama katikati ya ua. Mzee Gunda alivitazama viganja vyake.

"Ukaniacha nipake mivukuto," akasema. Halafu, kwa mara ya kwanza, tulitazamana usoni. "Ungeniambia asubuhi ile, mbele ya wale wazee, ningekasirika, mwanangu. Ningekasirika mpaka jioni."

Alilala kwetu. Kesho yake tulizitoa springi zote, tukaenda nazo Nduguti, tukawasha moto. Wazee wale wanne walikuwepo. Nilisema kwa sauti, "Mafuta, baba, si maji," na yeye akasema, "Haya," akatumbukiza kwenye mafuta. Nilisema, "Bado, rangi haijafika," naye akasubiri. Alipomaliza alinipa kila bapa pamoja na tupa, mbele ya watu, akangoja. Aliendelea hivyo kwa kila kazi mpaka alipokufa. Springi zile zilidumu kuliko gari lenyewe, na bapa moja bado liko kwenye lile lori la maji ambalo mnalilaani kila kiangazi.

Tupa iko kwenye droo ya juu ya meza ya shimo la pili. Yeyote aiguse. Ikiteleza, semeni, hata kama chuma kimeletwa na mkuu wa karakana, hata kama kimeletwa na baba yenu.

Limebaki moja. Miaka yote hiyo sikuwahi kwenda kwa Salome. Gari langu la kazi lilipita mlangoni kwake mara nyingi nikatazama upande wa pili. Wiki iliyofuata baada ya ninyi kunipa saa, nilipanda lori la chumvi nikashuka Sekenke. Nilimkuta anapepeta mtama uani. Amekuwa mama mtu mzima. Ana watoto watatu waliozaliwa baadaye. Alinipa kigoda na maji, akaniuliza habari za juu, za mvua, za Eliza. Nikamwambia niliyokuja kumwambia, yote, debe, tupa, na taarifa niliyoiandika. Hakunikatiza. Ungo ulikuwa mapajani mwake, umetulia.

"Amosi aliniambia chuma kilivunjika," akasema mwishowe. "Nikasema ni mapenzi ya Mungu. Nimesema hivyo miaka yote hii." Akaokota jiwe dogo kwenye mtama akalitupa. "Kwa nini hukumwambia yule mzee?"

"Niliogopa atakasirika, mama."

"Angekasirika sana?"

Nilimwambia alivyosema.

Salome alinitazama. "Mpaka jioni tu?" akauliza.

"Mpaka jioni tu."

Akaunyanyua ungo wake akaendelea kupepeta.